Jina Nililopewa Mnarani

Kila likizo mwalimu mmoja alikuja nyumbani kwetu Malindi kumwomba mama ruhusa, na kila likizo mama alimpa chai, akampa kaimati, akamnyima ruhusa. Ilikuwa safari ya watoto wenye ulemavu, wiki nzima kando ya bahari huko Mnarani, imelipiwa na wafadhili ambao hatukuwahi kuwaona. Mama hakukosa sababu. Mwaka mmoja ilikuwa upepo wa bahari, kana kwamba sisi tuliishi jangwani. Mwaka mwingine vitanda vya watu na kunguni wao. Mwaka mwingine alisema Mnarani kuna magofu, magofu yana wenyewe, na mwanawe hana miguu ya kukimbia.

Hilo la miguu ni kweli. Ninayo miwili lakini hainibebi, tangu kuzaliwa. Natembea kwa magongo mawili, na mtaani kwetu hilo ndilo lililokuwa jina langu. Jina nililopewa na wazazi lilikuwa la ndani ya nyumba tu. Nje nilikuwa "yule kiwete wa nyumba ya kona". Watu hawakusema kwa ubaya. Walikuwa wanamwelekeza mgeni njia: ukimwona kiwete amekaa barazani, hapo ndipo. Nilikuwa kibao cha barabarani. Nilikasirika, na nikikasirika naambiwa nina hasira za vilema, kwa hiyo hata hasira yangu haikuwa yangu.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na minne mwalimu alikuja tena, akaketi, akaanza maneno yake yale yale, na mama akamkatiza kabla chai haijapoa.

"Nendeni naye," alisema. "Kwani huyu si mtoto kama watoto wengine?"

Nilimtazama mama. Dada yangu mkubwa alikuwa mlangoni na sinia mkononi, naye akatazama chini. Mwalimu alieleza kwamba watoto wa magongo na viti vya magurudumu wangeondoka wiki ya kwanza ya likizo. Mama akasema la, ya kwanza haimfai, ya pili ndiyo nzuri. Mwalimu akapiga simu hapo hapo kwa waliopanga safari, akaambiwa ya pili ina nafasi moja. Hakuna aliyeuliza wiki ya pili ilikuwa ya nani. Kwa waliopanga, ulemavu ulikuwa ulemavu na nafasi ilikuwa nafasi.

Mama alinifungia nguo kwa mikono yake. Alitia leso mbili, chupa ya mafuta ya nazi, na nguo yangu ya Idi.

"Jumapili wazazi waruhusiwa kuja," aliniambia. "N'takuja, inshallah. N'takuletea mkate wa sinia, ukiwa wa moto moto."

Niliona mama yangu amebadilika, nikamshukuru Mungu.

Wiki ya pili ilikuwa ya watoto viziwi. Niligundua nikiwa tayari nimepandishwa basini, magongo yangu yamewekwa juu kwenye mizigo, na gari limeondoka. Watu hudhani basi la watoto viziwi huwa kimya. Si kweli hata kidogo. Wanagonga viti, wanapiga sakafu kwa miguu ili wa mbele ageuke, wanacheka kwa sauti ambazo hakuna aliyewahi kuwaambia wazipunguze. Na juu ya viti mikono inazungumza. Aliyekaa nyuma kabisa anamsimulia aliyekaa mbele kabisa hadithi ndefu, na hakuna anayepiga kelele. Tulipopita Gede kila mmoja alikuwa ameshazungumza na kila mmoja, isipokuwa mimi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilionekana na wote.

Tulifikia kwenye nyumba kubwa Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, yenye ua wa nyasi na baraza pana linalotazama geti. Palikuwa na mwalimu wao mmoja, mwanamke anayesikia, mwenye watoto thelathini wa kuwaangalia peke yake, na akina mama wachache wa kujitolea. Mmoja wao alinikuta mezani wakati wa chakula cha kwanza. Aliinama, akapanua mdomo kama anayetaka kung'olewa jino.

"U-ME-SHI-BA?"

"Nimeshiba," nikasema. "Shikamoo."

Kijiko kilimponyoka. Tangu hapo kila akiniona alipita upande wa pili kwa haya, na kwa hiyo hata yule aliyejaribu kuzungumza nami kwa mdomo nikawa nimempoteza.

Nilijua ningeweza kujifunza. Sikuwa mjinga. Lakini lugha ya ishara inataka mikono, na mikono yangu ndiyo miguu yangu. Nikisimama nilikuwa bubu. Nikitaka kusema lolote ilinibidi nitafute pa kukaa, niegemeze magongo, nifungue vidole vilivyokufa ganzi, na nikimaliza hayo yote yule niliyetaka kumwambia kitu ameshakwenda. Wao walizungumza wakiwa wamesimama, wakikimbia, wakiwa ndani ya maji hadi kifuani. Mimi nilikuwa chini, usawa wa viuno vyao, natazama juu kama mtoto anayengoja kupewa peremende.

Tulipopelekwa ufukweni siku ya kwanza walivua viatu wote wakaingia majini. Mimi nikaachwa kwenye mchanga kulinda ndara. Hakuna aliyeniambia nilinde, lakini ziliachwa karibu yangu, na mtu akikaa karibu na rundo la ndara huwa ndiye mlinzi wake. Sijawahi kujisikia peke yangu kama saa ile. Nyumbani nilikuwa mpweke, ndiyo, lakini nyumbani kulikuwa na redio ya jirani, na mama akigombana na muuza samaki, na adhana. Hapa watoto thelathini walikuwa wanazungumza mbele yangu kwenye jua kali na sikuelewa hata neno.

Kisha nikasikia makofi nyuma ya kichwa changu. Nikageuka. Alikuwa msichana wa rika langu, ameloa chepechepe, ana kovu la kuungua linaloshuka kutoka shavuni hadi kidevuni. Alikuwa ananipima. Alipoona nimegeuka alicheka, akaligusa sikio langu, akatikisa kichwa kama anayesikitika: masikini, huyu anasikia. Akaketi juu ya ndara za wenzake, akaanza kunifundisha.

Alikuwa wa Sabaki, nilikuja kujua, kule mto unakoingia baharini. Kwao walikuwa wakulima, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua lugha ya mikono. Alinifundisha maji, moto, chakula, nyumbani, njoo, mjinga. La mwisho nililishika haraka kuliko mengine. Alinivumilia. Nikikosea alishika vidole vyangu akavipanga, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo.

Halafu akanieleza majina. Kwao mtu haitwi kwa jina lililo kwenye cheti. Kila mmoja ana ishara yake, na ishara hiyo ndiyo yeye. Ya rafiki yangu ilikuwa kidole kinachoshuka shavuni, pale pale kovu linapopita. Kuna mvulana ambaye jina lake lilikuwa masikio kuvutwa, maana yalimtoka kama vishikio vya sufuria. Mwalimu wao, Mungu amweke, jina lake lilikuwa mkono unaochora tumbo kubwa, na alikuwa analiitikia bila kinyongo. Niliona hawa watu hawana adabu hata chembe. Niliona pia kwamba mtoto wa kovu alijiita mwenyewe kwa kovu lake na hakuona haya, na sikujua niliweke wapi jambo hilo.

Nilimuuliza mwalimu jioni ile, "Na mimi naweza kujichagulia langu?"

"Huwezi," alisema. "Wala mimi siwezi kukupa. Wanakupa wenyewe, wakishakujua, wakitaka. Na wakishakupa halitoki. Mimi nilikaa muhula mzima bila jina, wananinyooshea kidole tu."

"Na wasiponipa?"

"Basi utaondoka kama ulivyokuja."

Nilikuwa nimeshaona, hata kabla ya kuuliza, wakinitaja wananitaja vipi. Ngumi mbili kando ya mapaja, zinasukuma chini, moja, mbili. Haikuhitaji mkalimani. Ngumi zile zilipita meza hadi meza: mpe sahani ngumi mbili, msogezee kiti ngumi mbili. Nilikuwa nimetoka Malindi hadi Mnarani na bado nilikuwa yule yule wa nyumba ya kona. Mwalimu aliniambia hilo si jina bado, ni kuelekeza tu. Lakini mimi nilijua kuelekeza huishia wapi. Nilichotaka wiki ile kilikuwa kitu kimoja. Nilitaka nipewe jina, na lisiwe la magongo.

Nikaanza kujitafutia alama nyingine. Sasa nacheka nikikumbuka. Nilifunga leso kichwani kilemba kikubwa kama bibi wa Lamu, ili waseme yule wa kilemba. Hawakusema kitu. Nilitafuna ncha ya mtandio siku nzima mpaka ikawa kamba. Nilicheka kila mara, hata pasipo na cha kuchekesha, ili waone mwanya wangu. Rafiki yangu alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama naumwa na jino.

Jumapili niliamka nikavaa nguo ya Idi. Nilikaa ukingoni mwa baraza, mahali ambapo mtu huliona geti lote na kipande cha barabara kinachopanda kutoka upande wa daraja. Wazazi walianza kuja mapema. Wengine kwa tuktuk, wengine kwa boda, mama mmoja alishuka na ndizi mkungu mzima. Niliwaona wakikumbatia watoto wao, wakiwapapasa vichwa, wakiwalisha. Na baada ya hapo niliwaona wakikaa kwenye nyasi, mzazi na mtoto, hawana la kuambiana. Baba mmoja alimwonyesha mwanawe picha za ng'ombe kwenye simu, moja baada ya nyingine, mpaka picha zikaisha, akaanza upya.

Niliwahurumia, na nikajivuna. Nilisema moyoni, ngojeni mama yangu aje. Sisi tutazungumza mpaka bawabu achoke. Nitamwambia habari za ndara na kijiko kilichoanguka, naye atacheka kile kicheko chake cha kujifunika mdomo kwa leso. Mtu wa kuzungumza naye ninaye mimi, yuko njiani.

Adhuhuri ikapita. Mwalimu akaja na simu yake, akaniambia mama ametuma ujumbe wa sauti. Akaubonyeza hapo hapo barazani, sauti juu kabisa, katikati ya watoto. Hiyo ndiyo faida ya kuishi na viziwi. Siri yangu ilitangazwa mbele ya umati, na tulioisikia pale barazani tulikuwa wawili.

"Mwalimu, assalam aleikum. Nakuomba nambie mwanangu, leo sitawahi kuja. Nna wageni. Mwambie asinune, eh? Mwambie mama yake ampenda."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi, na vikombe, na mtu akicheka. Mwalimu aliniuliza kama nataka kumjibu. Nikasema hapana, simu itatumia bando. Nikatabasamu. Nilikuwa na ujuzi wa miaka mingi wa kutabasamu barazani.

Sikuondoka pale. Nilijiambia wageni huondoka, na Malindi si Marekani, na mama huwa anabadili nia. Nilikaa mpaka wazazi wote wakaenda zao na bawabu akafunga geti kwa komeo. Jumatatu nilikaa pale tena. Sikuwa na sababu tena ya kungoja, maana siku ya wazazi ilikuwa imepita, lakini kila tuktuk iliponguruma kule chini nilijikuta nimeshageuza shingo. Wenzangu hawakuisikia tuktuk. Waliona shingo tu.

Rafiki yangu alikuja akakaa. Akaniuliza: nani? Nikafanya ishara ya mama. Kisha akaniambia habari za mama yake, polepole, kwa ishara ndogo ili nisipotee. Mama yake anampenda. Mama yake humwonyesha ufagio, maana yake fagia. Humwonyesha ndoo, maana yake kisima. Likizo nzima wanaonyeshana vyombo. Safari hii ikiisha atapelekwa Sabaki, na hatazungumza na mtu mpaka shule ifunguliwe. Aliyasema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikulilia yeye peke yake, nisije nikajisifu.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, mvulana wa masikio alizima taa ya ukumbi akaiwasha, akaizima akaiwasha. Hivyo ndivyo wanavyoitana. Wakakusanyika meza yangu. Nikajua ni nini. Nilikuwa nimekaa, magongo yako ukutani, mikono yangu iko huru na haina la kufanya.

Walinijadili mbele ya macho yangu kama kesi ya mirathi. Sikuwa nimejua lugha ya kutosha, lakini niliona mengi. Msichana mmoja mrefu alitoa ngumi mbili, zikasukuma chini. Wengi wakatikisa vichwa kukubali, kwa nini tujisumbue, hilo linajulikana tayari. Nikahisi nataka kuinuka niondoke, ila kuinuka kwangu ni shughuli, na kungewathibitishia. Rafiki yangu akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Akasema kitu kirefu na cha haraka. Mwenye ngumi akajibu. Yule wa masikio akaingilia. Mtu akapendekeza kilemba, wakacheka. Mtu akapendekeza mwanya, wakanitaka nifungue mdomo, wakaukagua, wakaukataa.

Ndipo rafiki yangu akasimama akafanya ishara. Vidole viwili vya mkono mmoja vikatoka machoni pake, vikaenda mbali upande wa geti, na kichwa kikageuka kuvifuata. Vikabaki kule, hewani, kwa muda. Hakuvishusha.

Kisha mmoja akaifanya, na mwingine, na yule msichana mrefu wa ngumi naye akaifanya, na nikaona wote wamegeuza shingo upande mmoja, wanatazama geti ambalo hapakuwa na mtu.

"Wamekubaliana," mwalimu akaniambia. "Wewe ni yule anayetazama njia."

Nilifurahi, na niliona haya kama niliyevuliwa nguo. Siku zote zile nilidhani nimejificha. Nilitabasamu vizuri, nilisema wageni ni wageni. Kumbe watu ambao hawakusikia neno hata moja la ule ujumbe walikuwa wameusoma wote shingoni mwangu. Maisha yangu yote watu walinitazama miguu. Hawa walitazama mahali macho yangu yalipokwenda. Nikainua mkono nikalifanya jina langu mara ya kwanza, vibaya, na rafiki yangu akanishika vidole akavirekebisha.

Mama alinipokea Malindi, kituoni. Watoto wote waliniaga madirishani kwa jina langu, na mwalimu akamweleza mama kwamba nimepewa jina, akapanda gari wakaendelea Sabaki. Mama alinibusu sana. Aliniogesha kwa mabusu. Alibeba begi langu, akasema nimenenepa, akasema nimekuwa mweusi kwa jua, na hakunitazama machoni.

Nyumba ilinukia udi. Nilitaka kuoga kwanza, nikaenda bafuni, na kiti changu cha kuogea hakikuwepo. Ni kiti cha plastiki kilichotobolewa, kimekaa pembe ile ile tangu nipate akili. Nikatafuta ile fimbo ya mbao baba aliyoigongomea ukumbini niishike nikipita. Haikuwepo, zilibaki tundu za misumari, zimezibwa na kupakwa rangi. Nikaingia stoo. Kiti kilikuwa pale, chini ya gunia la makaa, na fimbo, na magongo yangu ya zamani, na viatu vyangu vya chuma, vyote vimefunikwa shuka kama maiti.

Dada yangu alinifuata mlangoni. Mkononi alikuwa na pete ambayo sikuijua.

"Walikuja kuposa," alisema. "Jumapili. Watu wa Mombasa." Akaanza kulia. "Mimi sikutaka iwe hivyo. Wallahi sikutaka. Mama aliogopa wangeuliza kama ni jambo la damu."

Akufukuzaye hakwambii toka. Anakufungia nguo, anakutilia mafuta ya nazi, anakuchagulia wiki. Nilikaa chini sakafuni nikaoga kwa kopo, na nikiwa naoga nikayapanga maneno. Mwalimu alishamwambia mama habari za jina. Mama ataniuliza tu, namjua. Na akiuliza nitamwambia: jina langu ni mtoto anayemngoja mama yake na mama yake haji. Nilililainisha lile neno, nikalinoa, nikaliweka tayari.

Nilimkuta uani anasukuma mahamri. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kibao magotini, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Nikaketi mbele yake nikaegemeza magongo.

"Mwalimu kanambia umepewa jina," alisema, macho kwenye unga. "Jina gani tena, nawe una jina la bibi yako, zuri?"

"La mikono."

"Hebu n'onyeshe."

Nikalifanya. Mama akaacha kusukuma. Akanitazama, mara ya kwanza tangu kituoni. Akasema nirudie, nikarudia. Kisha akainua mkono wake mweupe kwa unga, akatoa vidole viwili machoni.

"Hivi?"

"Mkono uende mbali. Na shingo ifuate."

"Hivi?"

"Usiushushe upesi. Uache hapo kidogo."

Akauacha hapo. Mama yangu, amegeuza shingo, anatazama mlango wa uani kwa vidole viwili vinavyodondosha unga kwenye leso yake. Hakuna mtu Malindi nzima aliyejua kuniita isipokuwa yeye, na alikuwa ameshajua kwa mara tatu tu. Vidole vilikuwa mahali pake sawasawa. Akacheka, kile kicheko ambacho nilikuwa nimekingojea Jumapili, akajifunika mdomo kwa kiwiko.

"Na maanaye ni nini?"

Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa limefika kooni. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa nampenda, vyote viwili vimejaa pomoni, na nilijua kitu kimoja kwa hakika: nikimwambia maana, mkono ule hautainuka tena kamwe. Jina langu litaishia pale uani, siku ile ile lilipofika nyumbani.

"Halina maana, mama," nikasema. "Ni jina tu."

"Basi ni zuri," alisema, akarudi kwenye unga wake.

Analiita mpaka leo. Huliita akiwa kwenye simu na hataki kukatiza mazungumzo, akiwa na sindano mdomoni, akiwa ng'ambo ya barabara. Hulifanya vizuri kuliko mimi. Arusi ya dada, mimi nilikaa pembeni kabisa, karibu na masufuria, mahali nilipojiwekea mwenyewe kabla sijawekwa. Ngoma zilipozidi, mama alisimama kati ya wakwe zake wa Mombasa, amevaa dhahabu yake yote, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akatabasamu, akainua mkono, akaniita. Wanawake waliokaa karibu naye wakageuka wote kutazama mlango, wakidhani kuna mtu anakuja. Nikachukua magongo yangu nikainuka.